Vivimbe Vingi Kifuani: Tuulize Kwanza, Tusihukumu

Katika vijiji vyetu vya Mgori kikohozi kirefu kina majina mawili tu. La kwanza ni kifua kikuu. La pili ni kurogwa. Mtu akikohoa mwezi mzima, jirani mmoja atamwambia aende zahanati akaanze dawa za kifua kikuu. Jirani mwingine atamwambia amtafute aliyemtupia kitu kifuani. Wote wawili wanamtakia mema. Lakini wote wawili wamekwisha kumpa jibu kabla ya kuuliza swali.

Leo napenda tuzungumze juu ya jina la tatu, ambalo watu hawapendi kulitaja. Jina hilo ni uvimbe ndani ya kifua, na hasa uvimbe unaoonekana mahali zaidi ya pamoja kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano. Mama mmoja mkulima wa alizeti na vitunguu, mwenye umri wa miaka hamsini, anaanza kukohoa wakati wa palizi. Hajavuta sigara maisha yake yote. Makohozi yanapimwa, na vijidudu vya kifua kikuu havionekani. Anapewa vidonge, anarudi nyumbani, anakohoa tena. Msimu wa mavuno unafika hana nguvu ya kubeba debe la maji. Ndugu zake wanauza mbuzi wawili, wanampeleka mjini Singida kupigwa picha ya eksirei. Picha inaonyesha vivuli vitatu: viwili pafu la kulia, kimoja pafu la kushoto.

Hapo ndipo maisha ya mama huyu yanapoamuliwa. Mtu mmoja akitamka neno moja tu, "imeenea", ndugu watamrudisha nyumbani. Watampikia uji, watamwombea, watamsubiri afe. Na huenda neno hilo lilikuwa la kweli. Lakini huenda pia halikuwa la kweli, na mama amehukumiwa bila kesi kusikilizwa.

Maoni yangu ni haya: vivuli vingi kifuani si hukumu. Ni swali. Kila kivuli lazima kiulizwe jina lake kabla mgonjwa hajaambiwa aende nyumbani. Siku hizi upo upasuaji wa matundu madogo unaoweza kuondoa vivimbe kadhaa bila kupasua kifua chote. Lakini upasuaji huo hauanzi katika chumba cha upasuaji cha Dar es Salaam. Unaanza katika zahanati ya kijiji, na katika nyumba ya mgonjwa.

Moshi mahali patatu

Watu wa Mgori wana elimu moja inayoweza kutusaidia kulielewa jambo hili. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vya Ngimu, Pohama, Mughunga, Unyampanda na Nduamghanga vilianza kulinda msitu wa Mgori kwa walinzi wao wenyewe. Kazi hiyo ilijulikana hata nje ya nchi, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa za mwanzo Tanzania za vijiji kulinda msitu.

Mlinzi wa msitu akiona moshi mahali patatu, hasemi mara moja kwamba msitu umekwisha. Anajiuliza: Je, ni moto mmoja uliorusha cheche zikawasha mahali pengine? Au ni mioto mitatu, kila mmoja umewashwa peke yake? Au mmoja ni moto wa mrina asali, na mwingine ni vumbi la ng'ombe tu? Majibu hayo hayafanani. Moto mmoja unaorusha cheche huzimwa kwa njia yake. Mioto midogo mitatu inaweza kuzimwa mmoja mmoja. Na vumbi la ng'ombe halihitaji kuzimwa.

Kifuani ni vivyo hivyo. Kansa iliyoanza mahali pamoja inaweza kurusha chembe zake kwenye damu, nazo zikaota katika mapafu. Kansa ya titi, ya mfuko wa uzazi, ya mfupa na nyinginezo hufanya hivyo. Huo ni moto uliorusha cheche. Lakini mtu mmoja anaweza pia kupata kansa mbili au tatu za mapafu zilizoanza kila moja peke yake, tena kwa wakati mmoja. Kwa kuwa hewa ile ile yenye moshi au vumbi imepita katika mapafu yote mawili, si ajabu madhara yakatokea mahali zaidi ya pamoja. Mwaka 1975 madaktari wawili wa New York, Nael Martini na Myron Melamed, waliandika masharti ya kutenganisha hali hizo mbili. Masharti hayo yameboreshwa tangu hapo, lakini fikira yake bado ni ile ile: usiseme imeenea mpaka umechunguza.

Na si kila kivuli ni kansa. Kifua kikuu chenyewe huleta vivuli vingi. Kifua kikuu kilichopona huacha makovu yanayoonekana katika picha mpaka mtu anapozeeka. Wako wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Sekenke na Londoni katika mkoa wetu, ambao vumbi la mawe linaweza kuwajaza madoa mapafuni. Vumbi hilo huongeza hatari ya kifua kikuu na ya kansa pia. Kwa wafugaji yapo mafuko ya maji yanayoletwa na mnyoo wa mbwa. Mtu humeza mayai yake katika chakula, maji au mikono iliyochafuliwa na mavi ya mbwa, na mafuko hayo huota katika ini na mapafu, pengine mengi kwa pamoja. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilijulikana ulimwenguni kwa ugonjwa huo. Tena kuna uvimbe wa tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huo pengine hujulisha kuwapo kwake kwa namna ya ajabu: kope za macho hulegea jioni, na mgonjwa huchoka kutafuna nyama.

Kwa hiyo vivuli vitatu vya yule mama vinaweza kuwa mambo mengi. Vinaweza hata kuwa mambo mawili tofauti katika kifua kimoja, kovu la zamani na kansa mpya. Atakayevipa jina ni mtaalamu wa hadubini, baada ya kipande kidogo kuchukuliwa na kutazamwa. Ila pale madaktari wanaposhuku fuko la maji la mnyoo wa mbwa, hawachomi sindano ovyo, maana likipasuka linaweza kumdhuru mgonjwa na kusambaza ugonjwa.

Kisu kilivyopungua

Wazee wetu waliogopa upasuaji wa kifua, na walikuwa na sababu. Njia ya zamani, ambayo bado inatumika inapohitajika, ni kupasua ubavu kwa mkato mrefu, kutanua mbavu kwa chuma, kisha kuingiza mikono. Mgonjwa hupona, lakini maumivu ya mbavu huweza kudumu miezi. Kwa mkulima anayeishi kwa mkono wa jembe, miezi hiyo ni njaa.

Hata hivyo upasuaji huo umeokoa watu. Mwaka 1933, katika mji wa St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham alimtoa mgonjwa mmoja pafu zima la kushoto lenye kansa. Mgonjwa huyo, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, aliishi miaka 30 zaidi kwa pafu moja. Graham alikuwa mvuta sigara. Baadaye alishiriki katika utafiti uliofichua madhara ya sigara, akaacha kuvuta, lakini alikuwa amechelewa. Kansa ya mapafu ilimwua mwaka 1957. Mgonjwa aliishi kuliko mpasuaji wake. Hapo tunapata masomo mawili: kansa ya pafu inaweza kuondolewa ikiwahiwa, na sigara haimheshimu hata bingwa.

Njia ya matundu madogo nayo ina historia, na historia hiyo imeanza kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1910 daktari wa Sweden, Hans Christian Jacobaeus, alieleza namna ya kupitisha bomba jembamba lenye taa kati ya mbavu na kuchungulia ndani ya kifua. Baadaye alitumia njia hiyo kukata nyuzi zilizolishika pafu la mgonjwa wa kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu zilipopatikana, njia hiyo ikapungua kutumika. Katika miaka ya 1990, kamera ndogo zilipoweza kuonyesha picha kwenye kioo cha televisheni, ikarudi kwa nguvu.

Inafanyikaje? Mgonjwa hupewa nusukaputi, halafu hulazwa ubavu. Bomba lenye njia mbili huingizwa katika njia ya hewa, ili pafu moja lipumue na jingine lilegee. Daktari hutoboa tundu moja au machache kati ya mbavu, kila moja la sentimita moja mpaka nne hivi. Tundu moja hupitisha kamera, mengine hupitisha vyombo virefu vyembamba. Mpasuaji hatazami kifua cha mgonjwa, hutazama kioo. Sehemu ya pafu yenye uvimbe hukatwa kwa chombo kinachokata na kubana kwa pini papo hapo, ili damu na hewa visivuje. Kilichokatwa hutiwa katika mfuko ndani kwa ndani, kisha hutolewa. Mfuko huo huzuia chembe za kansa zisidondoke njiani zikaota kwenye tundu.

Mwisho, daktari humwaga maji safi kifuani na kulipuliza pafu. Anatazama kama mapovu yatatoka. Fundi baiskeli yeyote wa Mgori anaijua kazi hii: ndivyo anavyotafuta pancha kwa kutumbukiza tyubu majini. Baada ya hapo mgonjwa huachiwa mpira unaotoa hewa na maji ya kifuani kwenda kwenye chupa, kwa siku chache.

Faida yake si maneno tu. Mwaka 2022 ulitolewa utafiti uliofanyika katika hospitali 9 za Uingereza kwa wagonjwa 503 wa kansa ya mapafu. Wiki tano baada ya upasuaji, waliopasuliwa kwa matundu madogo waliweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi kuliko waliopasuliwa kwa mkato mkubwa, na walipata madhara machache zaidi. Wala kansa haikuachwa nyuma kwa sababu tundu lilikuwa dogo.

Kuondoa uvimbe, kubakiza pumzi

Kwa mwenye vivimbe vingi, faida kubwa ya njia hii ni kwamba inamsaidia daktari kubana matumizi. Pafu halioti tena likikatwa. Pafu la kulia lina mafungu makubwa matatu, la kushoto mawili, na kila fungu limegawanyika tena katika vipande vidogo. Mtu mwenye kivimbe kimoja anaweza kutolewa fungu zima na akaishi vizuri. Mwenye vivimbe vitatu akitolewa mafungu matatu, anaweza kupona kansa na bado akabaki bila pumzi ya kutosha.

Kwa hiyo wapasuaji hupanga kama mama anavyopanga debe la mwisho la mtama kabla ya mavuno. Uvimbe mkubwa au wenye dalili mbaya ndio unaopewa kipaumbele. Huondolewa pamoja na fungu lake au kipande chake. Kivimbe kidogo kilicho pembeni hukatwa kwa kumega kidogo tu. Kile kidogo sana chenye kivuli chepesi huweza kuachwa na kupigwa picha tena baada ya miezi, ili ionekane kama kinakua. Vivimbe vilivyo upande mmoja vinaweza kuondolewa siku moja kwa matundu yale yale. Vilivyo upande wa pili mara nyingi husubiri wiki kadhaa, mgonjwa apate nguvu. Hata uvimbe wa ile tezi ya nyuma ya mfupa wa kifua, ukikutwa pamoja na kivimbe cha pafu, pengine huondolewa katika safari moja.

Je, kumega kidogo kunatosha? Wajapani walilipima jambo hili kwa wagonjwa 1,106 wenye kansa ndogo, isiyozidi sentimita mbili. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Baada ya miaka mitano, katika kila wagonjwa 100 waliotolewa kipande kidogo, 94 hivi walikuwa hai. Kwa waliotolewa fungu zima walikuwa 91. Wagonjwa wale walikuwa na kivimbe kimoja, si vingi. Lakini somo lake linatufaa: kansa ikiwa bado ndogo, si lazima kutoa sehemu kubwa ya pafu. Tafadhali soma tena maneno haya: ikiwa bado ndogo.

Ukweli usiofichwa

Sitaki msomaji adhani kwamba matundu madogo ni dawa ya kila mtu. Kansa ikiwa imeingia katika matezi ya katikati ya kifua, au imefika kwenye ini, mifupa au ubongo, mara nyingi upasuaji haufai. Hapo matibabu huwa dawa za kuua chembe za kansa, au mionzi, au dawa mpya zinazochaguliwa kwa kupima chembe zenyewe, au dawa za kupunguza maumivu. Hata huyo ana haki ya kutibiwa. Kupunguziwa maumivu na kuweza kulala usiku si jambo dogo.

Pia si kila uvimbe hupita katika tundu dogo. Uvimbe mkubwa huhitaji mkato mkubwa. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu mara nyingi pafu lake huwa limegandamana na ukuta wa kifua, na daktari aliyeanza kwa matundu huweza kulazimika kupasua. Huko si kushindwa. Ni dereva aliyeona daraja limevunjika akachukua njia ndefu.

Na ukweli wa mwisho ni mchungu zaidi. Wengi wa wagonjwa wa kansa ya mapafu hufika hospitali kubwa ugonjwa ukiwa umekwisha enea. Hawakosi matibabu kwa sababu kisu hakipo. Wanayakosa kwa sababu ya miezi iliyopotea njiani.

Mambo ya Dar es Salaam?

Najua wako watakaosema: "Mwandishi, haya ni mambo ya Dar es Salaam na ya Ulaya. Sisi tunatafuta panadoli zahanati."

Nawajibu hivi. Mwaka 1973 taifa letu lilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Hawakusubiri kila kijiji kipate daktari. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ambao mafunzo yake yalisaidia dunia nzima kutibu kifua kikuu kwa utaratibu. Wakati ule pia wangeweza kusema kwamba ni mambo ya Ulaya.

Leo wako mabingwa wa kifua nchini, Muhimbili na katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa mwaka 1996, inatibu kwa dawa na mionzi. Kwa upande wetu wa kati, Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyopo Dodoma ina mashine ya CT, ambayo hupiga picha za kifua kipande kwa kipande na kuonyesha kivimbe ambacho eksirei haikioni. Mabingwa ni wachache na safari ni ndefu; toka Singida mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 600. Ndiyo maana nasema tusipoteze hata wiki moja katika sehemu ya safari iliyo mikononi mwetu wenyewe.

Kazi yetu kijijini

Kwanza, anayekohoa wiki mbili au zaidi aende zahanati akapimwe makohozi. Kupima na kutibu kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Akikutwa nacho, ameze dawa mpaka mwisho. Asiziache kwa sababu amesoma makala hii. Kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kawaida kuliko kansa katika vijiji vyetu.

Pili, makohozi yakiwa safi na kikohozi hakiishi, au mgonjwa amemeza dawa za kifua kikuu miezi miwili bila nafuu, swali lirudi mezani. Huenda ni vijidudu sugu. Huenda si kifua kikuu. Mgonjwa aulize kwa adabu: "Mganga, kama dawa hizi hazinisaidii, je, ugonjwa wangu si mwingine? Nahitaji picha?" Kuuliza si utovu wa heshima. Kukohoa damu, kukonda, sauti kukwaruza wiki nyingi, uso na shingo kuvimba, maumivu ya kifua yasiyokoma, hayo yasisubiri miezi miwili.

Tatu, tutunze picha. Nimeona picha za eksirei zikizibia dirisha. Ndugu msomaji, picha ya zamani ni shahidi. Kivimbe kigumu ambacho hakikukua kwa miaka miwili mara nyingi si kansa. Ambacho hakikuwapo mwaka jana na leo kipo, kinahitaji haraka. Daktari hawezi kujua hayo bila picha ya kwanza. Iweke pamoja na hati ya shamba.

Nne, tuzuie tunachoweza kuzuia. Sigara ndiyo mwuaji mkuu wa mapafu. Anayeacha leo hupunguza hatari, hata akiwa mzee, na anayetaka kupasuliwa anatakiwa aache mapema ili kidonda na pumzi vipone. Moshi wa makaa ya mawe majumbani unajulikana kuleta kansa ya mapafu, na moshi wa kuni unashukiwa sana. Jiko liwe na dirisha na bomba la moshi. Yule mama wa mfano wetu hakuvuta sigara, lakini amepuliza mafiga miaka arobaini.

Tano, kijiji kiwe na mfuko wa wagonjwa wa rufani. Tunachangishana vizuri sana kwenye matanga. Tunanunua sanda, tunachinja, tunakodi gari la kurudisha maiti. Kwa nini gari la kumpeleka mtu akiwa hai tunalikodi kwa shida? Kijiji kilichoweza kupanga zamu za kulinda msitu kinaweza kupanga kila kaya itoe kidogo baada ya mavuno. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na kila kaya ifuatilie haki yake. Lakini bima hailipi kila nauli, wala haimlishi ndugu anayemsindikiza mgonjwa.

Kwa waganga wetu wa jadi nina ombi. Watu huja kwenu kwanza. Mtu akija mara ya pili na kikohozi kile kile, msimchanje tena. Mwambieni aende hospitali. Mtakuwa mmemtibu.

Na kwa serikali nina ombi pia. Mgonjwa wa Mgori asisafiri siku mbili ili kipande kidogo cha nyama kitazamwe. Hospitali ya mkoa iweze kuchukua kipande hicho, na kama hakuna mtaalamu wa kukitazama, kipande ndicho kisafiri, mgonjwa abaki na watoto wake. Majibu yarudi upesi. Matibabu ya mapafu yenye vivimbe vingi huamuliwa na watu wengi wakikaa pamoja: mpasuaji, mtaalamu wa picha, wa hadubini, wa mionzi. Simu zipo. Daktari wa Singida akae nao katika kikao hicho, asibaki kupokea barua tu.

Turudi kwa yule mama. Vivuli vyake vitatu bado havina majina. Huenda kimoja ni kovu la kifua kikuu alichougua bila kujua. Huenda viwili ni kansa ndogo, kila moja peke yake, na matundu machache ya ubavuni yangemrudisha shambani kabla ya mvua nyingine. Huenda ni habari mbaya kweli. Hatujui. Basi tusiseme tunajua. Tumpeleke.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mtu akikohoa wiki mbili, nani humshauri kwanza? Humwambia nini?

2. Eleza tofauti kati ya moto mmoja uliorusha cheche na mioto mitatu. Tofauti hiyo inamsaidia nini daktari wa kifua?

3. Kwa nini mpasuaji hataki kutoa pafu kubwa kwa mtu mwenye vivimbe vingi?

4. Ni nani kati yetu ana picha ya eksirei nyumbani? Iko wapi sasa hivi?

5. Kama kila kaya ingetoa kiasi kidogo baada ya kuuza alizeti, mfuko wetu ungeweza kuwasafirisha wagonjwa wangapi kwa mwaka? Pigeni hesabu, kisha mchagueni mtunza fedha.